Ukibadilisha Dawa, Taja na Ile ya Zamani

Mtanzania mwenye umri wa miaka 50 leo amefundishwa kutibu malaria mara tatu. Utotoni mwake dawa ilikuwa klorokwini: mtu mzima alimeza vidonge vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili na viwili siku ya tatu, vichungu kupindukia, na wengi walikesha wakijikuna kwa muwasho wake. Mwaka 2001 klorokwini ikawekwa kando, ikaja SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar: vidonge vitatu kwa mpigo mmoja, basi. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu, yaani dawa mbili, artemetha na lumefantrini, ndani ya kidonge kimoja: vidonge vinne, vinne vingine baada ya muda wa saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zaidi. Jumla 24, na vimezwe na chakula chenye mafuta.

Ugonjwa haukubadilika jina na homa yake ni ileile. Kilichobadilika ni jibu, tena mara mbili ndani ya miaka isiyozidi sita. Muulize leo dawa ya malaria ni ipi, atakwambia bila kusita: mseto. Lakini kujua jina la dawa ni jambo moja, kuifuata ni jingine. Homa inaposhuka siku ya pili, mtu aliyewahi kupona kwa vidonge vitatu vya mara moja haoni kwa nini aendelee hadi cha 24. Vinavyobaki vinafungwa kwenye karatasi vimsubiri mtoto atakayeugua mwezi ujao.

Sisemi kumbukumbu ndiyo sababu pekee. Wapo wanaobakiza dawa kwa sababu zahanati iko mbali na hawana hakika kama wiki ijayo itakuwa na akiba. Wapo ambao hawakuelezwa chochote dirishani. Hata hivyo naamini tumeipuuza mno kumbukumbu, na tumeipuuza kwa namna moja mahususi: taasisi zetu zinapobadilisha ushauri muhimu hutangaza jipya na kulizika la zamani kimya kimya, kana kwamba kulitaja ni kulifufua. Tafiti za kumbukumbu zinaonyesha kwamba ukimya huo ndio unaowachanganya watu.

Mwaka 1957 Benton Underwood wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alikuwa na fumbo mbele yake. Katika majaribio mengi ya wakati ule, watu waliojifunza orodha ya maneno walikuwa wamesahau karibu robo tatu yake kufikia kesho yake. Ni hasara kubwa mno kwa siku moja. Alipoyaweka pamoja matokeo ya tafiti mbalimbali aliona tatizo liko wapi: washiriki hao hawakuwa wageni maabara. Walikuwa wameshajifunza orodha nyingine nyingi za namna ileile. Waliojifunza orodha moja tu walikumbuka karibu robo tatu. Wanasaikolojia walikuwa wameweka uzito mkubwa kwenye vurugu zinazosababishwa na mambo tunayojifunza baadaye. Underwood akaonyesha kwamba yale tuliyojifunza kabla, hasa yanayofanana na haya mapya, yanavuruga kwa nguvu kubwa.

Ukilichukua hilo hadi kwenye zahanati zetu, uzito wake unaonekana mara moja. Anayeweza kuvurugwa zaidi na mwongozo mpya ni yule aliyeujua vizuri ule wa zamani: mama aliyelea watoto sita, muuza duka la dawa wa siku nyingi, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima humwendea kwanza kabla ya kwenda hospitali. Hao ndio tunaowaita wabishi.

Kwa miaka mingi vurugu hiyo ilionekana kama ada ambayo kila anayejifunza lazima ailipe. Mwaka 2013 Christopher Wahlheim na Larry Jacoby walichapisha majaribio ambayo kwangu ni miongoni mwa matokeo yenye manufaa zaidi katika fani hii. Waliwapa watu jozi za maneno. Baadaye neno la kwanza likarudi likiwa na mwenzake mpya. Kwa mfano wa kwetu, uwe umesoma "mlango na ufunguo", halafu uletewe "mlango na hodi", kisha uulizwe mlango uliambatana na nini mara ya mwisho. Kufikia hapo ni jaribio la kawaida. Walichoongeza ni swali dogo: je, jozi hii ilibadilika, na kabla ilikuwaje?

Waliokumbuka kwamba jozi ilibadilika walilitaja neno jipya vizuri kuliko hata jozi ambazo hazikuwahi kuwa na neno la zamani. Waliosahau kwamba kulikuwa na badiliko ndio waliovurugwa. Maana yake jambo la zamani halina tabia moja. Likikaa kichwani peke yake, linashindana na jipya. Likikaa limefungamana na jipya kwa wazo la "ilikuwa hivi, ikawa hivi", linalishika mkono na kulileta mbele. Mwaka 2019 Wahlheim na Jeffrey Zacks walitoka kwenye maneno wakaenda kwenye filamu: mwigizaji akifanya shughuli za nyumbani siku moja, kisha shughuli zilezile siku nyingine, baadhi zikiwa zimebadilishwa kidogo. Matokeo yakawa yaleyale, isipokuwa kwamba wazee walipata taabu zaidi kuliko vijana kukumbuka kwamba kitu fulani kimebadilika.

Hilo la wazee linanigusa kwa sababu katika jamii zetu ushauri wa afya ya mtoto hautoki kwa kijana. Unatoka kwa bibi, kwa mama mkwe, kwa shangazi. Tumeuweka mwongozo wa familia mikononi mwa watu ambao kumbukumbu zao zinahitaji msaada mkubwa zaidi wa kuliona badiliko, na msaada huo ndio tunaowanyima.

Mfano mzito kuliko yote ni wa homa yenyewe. Kwa miaka mingi mafunzo rasmi katika maeneo yenye malaria yalisema hivi: mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa na homa, mchukulie kuwa ana malaria na umpe dawa mara moja. Ulikuwa ushauri wa busara. Hadubini zilikuwa chache, wataalamu wa maabara wachache zaidi, klorokwini ilikuwa rahisi, na malaria humuua mtoto haraka. Akina mama walifundishwa, wakaelewa, wakatii. Kisha vikaja vipimo vya haraka vya tone la damu, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria, hata mtoto mdogo, apimwe kabla ya kupewa dawa. Redioni na kwenye mabango tukaambiwa: sio kila homa ni malaria.

Kauli hiyo ni ya kweli na ni fupi, lakini imeacha nje jambo moja kubwa. Haimwambii mama kwamba zamani sisi wenyewe tulimfundisha kuichukulia kila homa kuwa malaria, kwamba tulikuwa na sababu, na kwamba sababu hiyo imeondoka kwa kuwa sasa kipimo kipo. Kwa hiyo anapoambiwa mtoto hana vimelea, halafu anapewa panadol tu na maelekezo ya kurudi hali ikizidi, somo la zamani linaamka likiwa na nguvu zake zote. Anakwenda dukani kununua mseto. Mhudumu anamwona mkaidi. Mimi namwona mwanafunzi mwema wa somo ambalo hakuna aliyemwambia kwamba limefungwa.

Neno "sababu" nimelirudia kwa makusudi. Mwaka 1994 Hollyn Johnson na Colleen Seifert waliwasomesha watu habari ya ghala lililoungua. Mwanzoni taarifa zilisema ndani ya kabati kulikuwa na makopo ya rangi ya mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye ikaja taarifa kwamba kabati lile lilikuwa tupu. Washiriki waliisoma, wakaielewa, na walipoulizwa waliweza kuitaja. Lakini walipoulizwa kwa nini moto ulitoa moshi mwingi au ulienea kwa kasi, waliendelea kuitegemea rangi na gesi ambazo walishaambiwa hazikuwepo. Kuondoa taarifa kulikuwa kumeacha pengo katika kisa, na akili ikaliziba kwa kile ilichokuwa nacho. Walipopewa maelezo mengine ya kujaza pengo lile, kwamba zipo dalili za moto kuwashwa makusudi, utegemezi ule wa taarifa ya zamani ulipungua sana.

Sasa rudi kwa mzee anayesema "klorokwini ndiyo ilikuwa dawa". Mwaka 1980 ilimponya kweli. Huwezi kumwambia si dawa, maana unagombana na mwili wake mwenyewe. Pengo katika kisa chake ni hili: dawa iliyoponya imeachaje kuponya? Jibu lipo na si gumu. Vimelea vya malaria vimejenga usugu, na dawa imebaki vilevile. Usugu wenyewe nao unaweza kupungua, na Malawi ndiyo ushahidi. Nchi hiyo ilitangulia nchi nyingine za Afrika kuiacha klorokwini, mwaka 1993. Miaka 12 baadaye watafiti waliijaribu tena Blantyre kwa watoto wenye malaria isiyo kali, na kati ya watoto 80 ilishindwa kwa mmoja tu. Vimelea sugu vilikuwa vimekosa sababu ya kutawala, vile vinavyouawa na klorokwini vikarudi. Matokeo hayo hayana maana kwamba turudi kwenye klorokwini. Tukiirudisha peke yake usugu utarudi nao. Lakini ni habari ambayo mzee yeyote anaweza kuielewa, na akiielewa, kumbukumbu yake ya 1980 inaacha kupingana na dirisha la dawa la leo. Inakuwa sura ya kwanza ya kisa kimoja.

SP inaonyesha vizuri zaidi ukimya unavyogharimu, kwa sababu SP haikuondoka. Tuliwaambia watu haitibu tena malaria, halafu kwenye kliniki ya wajawazito tukaendelea kuwapa akina mama vidonge vilevile vitatu, wavimeze mbele ya muuguzi. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi hiyo itolewe katika kila hudhurio kuanzia kipindi cha pili cha ujauzito, kwa kuacha angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Mume anayekumbuka tangazo la 2006 ana haki ya kuuliza mke wake anapewaje dawa iliyokwisha nguvu. Jibu sahihi linahitaji kutaja vyote viwili: kwa mgonjwa mwenye vimelea vingi tunataka dawa inayoviua vyote upesi, na SP haiwezi tena kazi hiyo. Kwa mama asiyeumwa lengo ni kinga, na hapo SP bado inasaidia kupunguza watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Dawa ni ileile, kazi ni mbili. Asiyeelezwa hivyo ataona serikali inajipinga, na akiona hivyo mara mbili tatu hatakuwa na hamu ya kusikiliza tangazo la nne.

Kuna hofu mbili ambazo watu wa elimu ya afya hunitajia kila ninapoileta hoja hii, na zote ni za heshima.

Ya kwanza ni kwamba kuirudia taarifa ya zamani kunaipa nguvu. Kwa muda fulani hofu hii ilikuwa na msingi wa kitaaluma. Tafiti kadhaa, ukiwemo ule maarufu wa 2010 wa Brendan Nyhan na Jason Reifler, zilidokeza kwamba sahihisho linaweza kumfanya mtu ashikilie zaidi alichokuwa nacho. Lakini Thomas Wood na Ethan Porter waliujaribu uwezekano huo kwa mada 52 na washiriki zaidi ya 10,000, na katika ripoti yao ya 2019 hawakuuona ukijitokeza kwa uhakika. Ullrich Ecker na wenzake huko Australia walikuwa wameshaonyesha mwaka 2017 kwamba sahihisho linaloitaja wazi taarifa inayosahihishwa hufanya kazi vizuri kuliko lile linaloikwepa. Mwaka 2020 Wahlheim na wenzake walipata matokeo ya mwelekeo huohuo kwa habari za uongo za kila siku: kumkumbusha mtu uongo wenyewe kabla tu ya kumpa ukweli kulisaidia ukweli ukumbukwe, angalau kwa muda mfupi.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu kukumbusha peke yake si dawa. Almut Hupbach na wenzake katika Chuo Kikuu cha Arizona waliripoti mwaka 2007 jaribio ambalo watu walijifunza vitu kadhaa Jumatatu, na Jumatano wakajifunza vitu vingine. Waliokumbushwa juu ya Jumatatu kabla tu ya kujifunza vile vya Jumatano, walipoulizwa Ijumaa wataje vitu vya Jumatatu, walichanganya humo na vya Jumatano. Kukumbushwa kulikuwa kumeifungua kumbukumbu ya zamani, na vipya vikaingia ndani yake bila alama ya kuvitofautisha. Somo ninalolipata hapo ni kwamba la zamani na jipya lazima viletwe pamoja na mpaka wake utajwe: hili la kabla, hili la sasa, lilibadilika lini, kwa nini. Anayetaja la zamani na kuliacha likielea anaweza kufanya madhara.

Hofu ya pili ni ya uaminifu: tukikiri kwamba tulisema vingine, watu watatuambia hatuna msimamo. Watu wanajua tayari. Chukua suala la mama mwenye VVU na unyonyeshaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliambiwa, kama anaweza kupata maziwa mbadala kwa usalama na kwa uendelevu, asinyonyeshe kabisa; kama hawezi, anyonyeshe bila kuchanganya na kingine, na aache mapema. Mwaka 2010, kwa kuwa dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeonyesha kwamba zinapunguza sana maambukizi kupitia maziwa, Shirika la Afya Duniani likashauri mama anayetumia dawa anyonyeshe kwa miezi 12, sita ya kwanza bila kumpa mtoto kitu kingine. Mwaka 2016 muda ukaongezwa hadi miezi 24 au zaidi, kama ilivyo kwa akina mama wengine. Ndani ya ukoo mmoja mama mkwe amebeba ushauri wa 2003 na mkwe wake amebeba wa leo, wanaishi nyumba moja, na mtoto ni mmoja.

Kinachoniumiza katika mfano huu ni kwamba kuchanganya ndiko kwenye hatari. Utafiti uliofanyika Durban na kuchapishwa 1999, kabla dawa hazijaenea, ulionyesha kwamba watoto walionyonya huku wakipewa vyakula au vinywaji vingine miezi ya mwanzo waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama peke yake. Ushauri mbili zinazoshindana zisipopatanishwa, familia hufanya mapatano yake yenyewe: nyonyesha kidogo, mpe na uji au maziwa ya ng'ombe kidogo, kila mkubwa aridhike. Mapatano hayo yenye nia njema ndiyo yaleyale ambayo kila mwongozo, wa zamani na wa sasa, ulikuwa ukijaribu kuyazuia katika miezi sita ya mwanzo. Muuguzi anayemwambia mama mkwe, "Mama, ulichoambiwa wakati ule kilikuwa sahihi kwa wakati ule, hatukuwa na dawa, sasa mkweo anameza dawa kila siku na ndiyo maana tunamwambia anyonyeshe", amefanya kazi ambayo bango haliwezi. Amemwachia mzee heshima yake na amempa mpaka kati ya mambo mawili.

Nimeyaandika haya sasa kwa sababu badiliko jingine la dawa ya malaria linanukia. Usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, ambayo ni uti wa mgongo wa mseto, umeripotiwa Rwanda mwaka 2020, kaskazini mwa Uganda 2021, na mwaka 2024 watafiti waliuthibitisha Kagera. Mseto bado unatibu. Usugu huo huchelewesha vimelea kuondoka mwilini, na dawa ya pili iliyomo ndani ya mseto ndiyo inayomalizia kazi. Kwa hiyo kumaliza dozi kuna uzito kuliko wakati wowote. Lakini wataalamu tayari wanajadili kupokezanisha mseto wa aina tofauti na kuunganisha dawa tatu badala ya mbili. Dozi itakayokuja inaweza kufanana mno na ya leo, labda kwa rangi ya pakiti au kwa idadi ya vidonge, na kufanana huko ndiko kunakozaa vurugu.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, na wizara za majirani zetu, tangazo lake liandikwe mapema na lianze na mambo ambayo watu wanayo tayari kichwani. Liseme: tulitumia klorokwini, vimelea vikaizoea, tukaiacha 2001. Tukatumia SP, ikawa vivyo hivyo, tukaiacha kwa wagonjwa 2006 na kuibakiza kwa wajawazito kama kinga. Tukatumia ALu, vidonge 24 kwa siku tatu. Kuanzia tarehe fulani tunatumia hii, tofauti yake na ALu ni hii, na tumeibadilisha kwa sababu hii. Ni sentensi chache. Zinaenea kwenye ukuta wa zahanati na kwenye tangazo la redio. Zijaribiwe kwanza katika vijiji vichache vya Kagera, mbele ya mabibi na wauza maduka ya dawa, na wiki mbili baadaye wapimaji warudi. Wasiishie kuuliza dawa mpya inaitwaje. Waulize pia kabla yake tulikuwa tunameza nini, na kwa nini tumeacha.